Samaki Mmoja Akioza: Wasifu wa Mhalifu na Mwaka 1972 katika Pwani ya Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini hufuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, akapita Magara kabla ya kufika Rumonge. Pwani hiyo ni ya wavuvi na wakulima wa michikichi, na Kiswahili kimo sokoni kwake tangu zamani. Huko methali isemayo "Samaki mmoja akioza, huoza wote" haihitaji ufafanuzi. Hata hivyo, mama anayenunua mukeke ufukweni haifuati methali hiyo kikapuni. Humgeuza samaki mmoja mmoja, akamtazama jicho, akamnusa, kisha ndipo huchagua.

Katika makala haya tutautumia mfano wa mama huyo kuijadili mbinu ya upelelezi inayoitwa uundaji wa wasifu wa mhalifu. Swali letu ni hili: je, mpelelezi huanzia kwenye tendo au kwenye mtu?

Dhana ya wasifu

Wanafunzi wetu wanalifahamu neno wasifu kutokana na fasihi na barua za kuomba kazi. Katika matumizi hayo, mwenye wasifu anajulikana kwa jina. Katika upelelezi, kinyume chake, wasifu huandikwa kabla jina halijapatikana. Mpelelezi hutazama mahali pa tukio, saa, silaha, majeraha, na maneno aliyoyaandika au kuyatamka mhalifu. Kutokana na hayo hukisia umri wake, kazi yake, makazi yake na tabia zake. Kazi ya wasifu ni kupunguza idadi ya watu wa kuchunguzwa. Hauthibitishi kosa, ushahidi lazima utafutwe kwa njia nyingine.

Historia kwa ufupi

Mbinu hii ilitanguliwa na wazo lililopotoka. Mwaka 1876 daktari wa Kiitaliano, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo, na kwamba anatambulika kwa taya, masikio na umbo la fuvu lake. Dai hilo lilienea sana Ulaya. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring alitoa matokeo ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000, na hakuiona aina hiyo ya watu. Lombroso alianza na sura, kisha akaitafutia kosa.

Njia ya pili ilianza na tendo. Mnamo Novemba 1888 daktari wa polisi wa London, Thomas Bond, alichunguza taarifa za wanawake waliouawa katika mtaa wa Whitechapel. Aliandika kwamba mwuaji ni mtu mmoja, mwenye nguvu na ujasiri, na kwamba kwa sura huenda akawa mpole asiyetiliwa shaka. Mwuaji huyo hakukamatwa kamwe.

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa New York. Kuanzia 1940 mtu asiyejulikana alitega mabomu mjini humo na kuandika barua za kuilalamikia kampuni ya umeme. Mwaka 1956 polisi walimwendea daktari wa magonjwa ya akili, James Brussel. Yeye alisema mtu huyo hajaoa, ana asili ya Ulaya Mashariki, na akikamatwa atakuwa amevaa koti lililofungwa vifungo vyote. Januari 1957 alikamatwa George Metesky, na koti lake lilikuwa limefungwa. Wengi hulikumbuka koti. Lakini aliyempata Metesky ni karani wa kampuni hiyo, Alice Kelly, aliyesoma mafaili ya zamani ya wafanyakazi wenye malalamiko na kukuta maneno yaliyofanana na yale ya barua za mtega mabomu. Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulizingatia hilo: usomaji makini wa matini ndio uliompata.

Hatimaye mwaka 1972 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilianzisha kitengo cha kuchunguza tabia za wahalifu huko Quantico, Virginia, na miongoni mwa walimu wake wa kwanza walikuwa Howard Teten na Patrick Mullany. Tangu hapo mbinu hii ikawa somo rasmi.

Mwaka huohuo, Rumonge

Mwaka huohuo wa 1972, tarehe 29 Aprili, waasi wa Kihutu waliishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi. Waliwaua Watutsi, wakiwemo watumishi wa serikali na jamaa zao, na hata Wahutu waliokataa kujiunga nao. Huo ulikuwa uhalifu mkubwa wenye watendaji wake, na ulistahili upelelezi: ni nani aliyepanga, nani aliyetoa silaha, nani aliyeua, wapi na saa ngapi.

Serikali ya Rais Michel Micombero ilifuata njia nyingine. Jeshi na vijana wa chama tawala waliwatafuta Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, watumishi wa makanisa, askari. Wanafunzi waliitwa kwa orodha za majina, wakapakiwa katika malori, wasirudi. Mwanafunzi wa Bujumbura ambaye hakuwahi kukanyaga Rumonge alihesabiwa kuwa mshirika wa waasi wa Rumonge. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000, na wengi wao hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Hapa ndipo inapoonekana tofauti tunayoizungumzia. Wasifu wa kweli hutoka kwenye tendo ukamwelekea mtu, na kila hatua huwaacha nje wengi wasiohusika. Mwaka 1972 mwendo uligeuzwa: kabila na elimu ya mtu vilitangulia, na kosa likatundikwa juu yake baadaye. Ni njia ya Lombroso, ila safari hii ilikuwa na bunduki. Sarufi yetu yenyewe inaionyesha hatari hiyo. Neno mhalifu lina kiambishi cha mtu mmoja, m-. Panapobadilishwa m- kuwa wa- bila ushahidi, wasifu umekwisha kuwa shutuma ya ukoo mzima.

Wala kosa hili si la upande mmoja. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Watutsi wengi vijijini waliuawa kwa ajili ya kosa la wanajeshi ambao hawakuwajua. Samaki mmoja alioza, kikapu kizima kikamwagwa, mara ya pili.

Matokeo yake hayajaisha. Maelfu walikimbilia Tanzania mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako watoto wao walikua wakizungumza Kiswahili. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia takriban 162,000 miongoni mwao na wazao wao. Waliorudi Rumonge walikuta michikichi yao ikivunwa na watu wengine, na kesi za ardhi zikafuata. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba Wahutu walifanyiwa mauaji ya kimbari mwaka 1972.

Hitimisho

Tunapofundisha methali darasani, tumezoea kuuliza maana na matumizi yake. Tunapendekeza walimu waongeze swali la tatu: methali hii ikifuatwa kama sheria, ni nani atakayeumia? Methali ya samaki inafaa kumwonya kijana kuhusu marafiki wabaya. Haifai kabisa mikononi mwa polisi, askari au hakimu. Wao wanapaswa kujifunza kwa mama wa ufukweni Magara, ambaye kwa kulinda fedha zake chache humgeuza samaki mmoja mmoja.