Kambona na Bibi Titi: kesi moja, njia mbili



Tukiulizwa nani walileta Uhuru, wengi wetu tunaanza na Mwalimu na tunaishia na Mwalimu. Sina ugomvi na hilo. Ila leo nataka tuwaangalie watu wawili waliokipigania chama cha TANU tangu kikiwa kichanga, kisha majina yao yakaja kusomwa pamoja mahakamani kwa kosa la uhaini: Oscar Kambona na Bibi Titi Mohamed.

Kambona ni mtu wa huku Kusini. Sisi wa Ikonda, ng'ambo ya milima ya Livingstone tuna Ziwa Nyasa. Yeye alizaliwa Kwambe, karibu na Mbamba Bay, kwenye mwambao wa ziwa hilo hilo. Baba yake alikuwa padri wa Kianglikana. Alisoma, akawa mwalimu, akaiacha chaki ili awe Katibu Mkuu wa TANU, baadaye akaenda London kusomea sheria.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na shule yake iliishia darasa la nne. Lakini alikuwa mwimbaji wa ngoma, na mji ulimjua. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, alianzia kwenye vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao na watu wao. Ndani ya miezi michache alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000. Wasomi wangapi wa wakati ule wangeweza kazi hiyo?

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wote wawili walikuwa watu wakubwa. Kambona alishika wizara nzito, zikiwemo Mambo ya Nje na Ulinzi. Wanajeshi walipoasi pale Colito, Januari 1964, Mwalimu na Kawawa wakiwa mafichoni, Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Bibi Titi alikuwa waziri mdogo na mwenyekiti wa UWT, ingawa mwaka 1965 alikipoteza kiti chake cha ubunge Rufiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Masharti yake yalimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu. Kambona naye hakuafiki mwelekeo mpya wa nchi. Juni mwaka huo alijiuzulu uwaziri, na Julai akaondoka kupitia Nairobi mpaka London.

Hapo ndipo njia zao zilipoachana. Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na waziri wa zamani, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi, wakidaiwa kula njama za kuipindua serikali. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC ya Afrika Kusini. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama, Kambona, hakuwepo kizimbani. Bibi Titi alikuwepo. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Mwalimu akamsamehe.

Wapo wanaosema Kambona alikuwa mwoga na Bibi Titi jasiri. Mimi naona hiyo ni hesabu nyepesi. Kukimbia nako kunataka mtu awe na pa kukimbilia. Kambona alikuwa na elimu ya London na marafiki wa ng'ambo. Mama wa darasa la nne, ambaye nguvu yake yote ilikuwa kwa wanawake wa Dar es Salaam, angekwenda wapi? Na aliyekimbia naye aliacha watu nyuma: ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, walikaa kizuizini miaka mingi bila kufikishwa mahakamani.

Kambona alirudi mwaka 1992, vyama vingi vilipoanza, lakini umma ulikuwa umeshamsahau. Alifia London mwaka 1997. Bibi Titi alifia Johannesburg alikokwenda kutibiwa, Novemba 2000. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Kambona, kwa vijana wengi wa rika langu, ni jina la mtu aliyegombana na Mwalimu, basi.

Sisemi Azimio lilikuwa baya, wala sisemi hukumu ile ilikuwa ya uongo. Ninachosema ni kwamba kukosana na serikali mwaka 1967 hakufuti kazi iliyofanyika mwaka 1955 au 1964. Mwalimu wa historia akifundisha maasi ya jeshi, amtaje aliyekwenda kambini kuongea na askari. Akifundisha TANU, awataje na wale wanawake 5,000, na aliyewafuata kwenye ngoma zao.