Mumiani: Hofu ya Wanyonya Damu Afrika Mashariki

Mumiani ni neno la pwani lenye maana mbili zinazokwenda pamoja: dawa nyeusi inayonata kama ulimbo, na mtu anayewinda damu ya wenzake ili dawa hiyo ipatikane. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alilieleza katika kamusi yake ya 1882 kuwa ni dawa ambayo wenyeji waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya mtu. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliongeza kuwa dawa yenyewe ilisemekana kuletwa kutoka Uajemi na kutibu mifupa iliyovunjika, ila ikivuma mjini kwamba mumiani inatafutwa, watu hujifungia ndani jua likishatua. Si kawaida ya kamusi kueleza neno hadi kwenye komeo la mlango.

Bara, hofu hiyohiyo ilipewa majina mengine. Nairobi na Kampala watu waliwaogopa wazimamoto, Katanga batumbula, Zambia ya kikoloni banyama, na magharibi mwa Tanzania chinjachinja. Kisa hakibadiliki sana: mpita njia anakamatwa gizani, anasukumwa ndani ya gari, anafichwa shimoni, damu inakamuliwa.

Kwa nini wazimamoto? Walikuwa na gari jekundu, mipira mirefu, pampu na king'ora. Tena walilipwa mshahara kukaa kituoni usiku na mchana, hata kama hakuna nyumba iliyoungua. Serikali ya kikoloni nayo ilitoza kodi, ikahesabu watu, ikawachoma sindano, ikaondoka na damu yao kwenye vichupa bila kueleza inapelekwa wapi. Aliyeishi chini ya utawala huo hakukosa sababu ya kujiuliza maswali. Mwanahistoria Luise White, aliyekusanya masimulizi haya na kuyatolea kitabu mwaka 2000, alishauri yasipuuzwe kama upuuzi wa washamba, kwani watu walikuwa wakizungumzia ajira, mshahara na mamlaka yasiyoeleweka. Hoja yake ina nguvu. Hofu peke yake haina sura. Huazima sura kwa kile ambacho jamii inakijua na kukishuku tayari.

Mambo hayakuishia midomoni. Mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha zimamoto mjini Mombasa. Mwaka 1958 bwana mmoja alikwenda kituo cha zimamoto cha Kampala kuuza mtu kwa shilingi 1,500. Wazimamoto wakawaita polisi, naye akahukumiwa miaka 3 jela. Huyu hakuwa mwoga wa uvumi, alikuwa mfanyabiashara aliyeuamini. Mwaka uliofuata, Buguruni, Dar es Salaam, umati uliokuwa ukiwasaka mumiani ulimuua askari polisi. Tanganyika ilikuwa karibu kujitawala, na watu walikuwa hawajajua bado nani ataamua nini kesho.

Uhuru haukuufuta uvumi huo. Malawi ilipokumbwa na njaa mwaka 2002, ilivuma kwamba serikali inabadilishana damu za wananchi na chakula cha msaada. Rais Bakili Muluzi alikanusha hadharani, lakini Januari 2003 kiongozi wa chama tawala mjini Blantyre alipigwa mawe. Kukanusha kwa mkubwa kunawapa wengi sababu ya kuuliza: kama si kweli, mbona anajitetea? Hofu ilirudi mwaka 2017 katika wilaya za kusini, Mulanje na Phalombe. Watu waliodhaniwa wanyonya damu waliuawa, Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa.

Tanzania ilipata msiba wake Oktoba 2016. Watu 3 wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikwenda kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, kuchukua sampuli za udongo. Wageni, gari lisilojulikana, vifaa vya kuchimbia, mifuko ya kutilia kitu fulani: kwa mtu aliyekwishasikia habari za wanyonya damu, kila kitu kilikuwa ushahidi. Kelele ya hatari ilipigwa, wanakijiji wakakusanyika, wote 3 wakauawa. Dereva alikuwa mmoja wao.

Kusema wauaji walikuwa wajinga ni rahisi, na hakuwapunguzii hatia. Lakini hakuelezi kwa nini hadithi ileile imemhama mzimamoto ikamwangukia mtaalamu wa udongo. Hadithi humfuata yeyote anayekuja kuchukua kitu kwa watu bila kuwaeleza anachokichukua. Kwa hiyo wanaotuma watafiti, wauguzi na wapima ardhi vijijini wasitosheke na barua ya wilaya iliyo mfukoni mwa kiongozi wa msafara. Waitishe mkutano wa kijiji kwanza, wafungue mifuko yao mbele ya watu, na wajibu maswali yote kabla ya kuchimba shimo la kwanza.