Treni ikisimama porini: reli ya Tenke na wale waliobaki njiani

Leo tuongee juu ya historia ya reli yetu. Vituo vikubwa vinajulikana. Tuangalie vijiji ambamo treni inasimama bila kupangwa.

Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea Rhodesia. Mwaka 1918 ilifika Bukama, kando ya mto Lualaba. Mwaka 1928 kampuni ya BCK ilimaliza njia ya kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, tunayoiita sasa Ilebo. Mwaka 1931 njia ya Tenke mpaka Dilolo iliunganishwa na reli ya Benguela ya Angola, na Kolwezi iko juu ya njia hiyo. Kwa hiyo anayetoka Kolwezi kwenda Kasai anaelekea kwanza mashariki mpaka Tenke, ndipo anageuka kaskazini: Lubudi, Luena, Bukama, Kamina, Kaniama, Mwene-Ditu, Kananga.

Reli ni ya njia moja. Treni moja ikiharibika, zote za nyuma zinangoja. Kutoka Bukama kuja Tenke, njia inapanda kutoka bonde la Lualaba mpaka nyanda za juu. Treni nzito ikikosa nguvu kwenye mlima, au umeme ukikatika, inasimama pale pale. Hapo kijiji kisichokuwa kwenye ratiba kinageuka kituo. Akina mama wanakuja na mihogo, ndizi na samaki mkavu, watoto wanaleta maji. Treni ikikaa saa tatu, ni soko. Ikikaa siku tatu, ni taabu kwa wote: chakula cha wenyeji kinapungua, mto unachafuka, wagonjwa wanalala chini ya mabehewa.

Taabu hiyo ilionekana wazi miaka ya 1992 na 1993. Wengi wa watu wa Kasai waliokuwa Shaba, ndiyo Katanga, walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière tangu miaka ya 1920. Mwezi wa 8 mwaka 1992, Étienne Tshisekedi alichaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa, akichukua nafasi ya Nguza Karl-i-Bond. Huku kwetu, liwali Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa wamekwisha kuwageuza Wakasai kuwa adui. Wakaitwa "bilulu", yaani wadudu. Likasi ilianza kuwafukuza mwaka 1992, Kolwezi ikafuata mwezi wa 3 mwaka 1993. Watu walilala mashuleni na kwenye vituo vya reli, wakingoja treni kwa majuma na miezi.

Reli ile ile iliyoleta mababu zao ndiyo iliyowachukua. Mabehewa yalijaa kupita kiasi, na safari ya siku chache iliweza kugeuka majuma. Wengi walikufa wakingoja, wengine walikufa njiani, hasa watoto na wazee. Katika vituo vile visivyopangwa, mwenye treni na mwenye kijiji walikutana bila kiongozi kati yao. Mwenye kijiji angeweza kufunga mlango, kuuza maji kwa bei ya juu, au kuyatoa bure. Siasa ya Lubumbashi haikuwa na nguvu pale kama moyo wa mtu mmoja mwenye ndoo mkononi.

Msidhani hayo yameisha na Zaire. Buyofwe, kijiji cha wilaya ya Lubudi, kimejifunza mara mbili. Tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 2017, treni ya mizigo yenye matangi 13 ya mafuta ilianguka bondeni karibu na pale na kuwaka moto. Watu 33 walihesabiwa kuwa wamekufa. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2022, treni nyingine ya mizigo, ikitoka Luena kwenda Tenke, iliacha reli huko huko Buyofwe. Mabehewa saba yalianguka bondeni. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama 60. Baadaye ilifika 75.

Wale wote waliitwa wasafiri wa siri, kwa sababu treni ya mizigo hairuhusiwi kubeba watu. Ni kweli. Lakini anayepanda juu ya mzigo usiku ni yule asiyekuwa na pesa ya gari, au aliyekosa treni ya abiria. Na asiyekuwa na tiketi hana jina kwenye karatasi. Akifa, jamaa yake wanatafuta mtu ambaye hakuandikwa popote.

Ndiyo maana tunawaomba, nyinyi mliopita njia hii mwaka 1993, na nyinyi mnaohama leo. Waulizeni wazee wenu treni ilisimama wapi, ilikaa siku ngapi, nani alizikwa kando ya reli, na nani aliwapa maji. Andikeni jina la kijiji na jina la mtu kwenye daftari la nyumbani. Leo, kabla ya kupanda, mwachieni mtu mmoja jina lenu na mahali mnakoenda. Shirika la reli linahesabu mabehewa na tani. Hesabu ya watu imebaki kwetu.