Vifaa vya Michezo vya Bure katika Bustani za Umma

Vifaa vya michezo vya bure ni mipira, raketi, nyavu na zana nyingine zinazowekwa mahali pa wazi ili mpita njia yeyote acheze bila kulipa, kujiandikisha wala kujiunga na klabu. Vimekusudiwa hasa kwa yule mwenye nusu saa ya mapumziko, ambaye hawezi kununua raketi kwa ajili ya mchezo asiojua kama ataupenda.

Mchezo unaoufaa zaidi mpango huu ni tenisi ya meza. Meza yake, yenye urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, haihitaji uwanja. Kanuni zake hufahamika kwa kutazama tu, na bibi humudu kucheza na mjukuu. Adui wake ni upepo, kwani mpira una uzito wa gramu 2.7. Katika bustani nyingi za Ujerumani meza hujengwa kwa zege na kuwekewa wavu wa chuma, zikastahimili mvua na theluji kwa miaka mingi. Watoto wa huko hucheza kwa kuizunguka meza: kila mmoja hupiga mpira mara moja, hukimbilia upande wa pili, na anayekosa hutoka. Hivyo meza moja huchezesha hata watu kumi, na mgeni aliyekuja peke yake hupata nafasi bila kutafuta mwenzi. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana wengi huikwepa michezo kwa kukosa wa kucheza naye.

Lakini meza ya zege haiji na raketi. Jijini London, mwaka 2010, mradi wa Ping! wa asasi ya Sing London ulisambaza meza 100 mahali pa umma pamoja na raketi na mipira, kisha ukaenea katika miji mingine ya Uingereza. Raketi hupotea na mipira hupasuka. Upotevu huo ni gharama ya kawaida, kama balbu za taa za bustani. Kufungia vifaa kabatini kwa kuogopa wizi ni kumnyima mpita njia kile kilichomfanya asimame.

Sweden ina njia nyingine. Fritidsbanken, iliyoanzia mjini Deje mwaka 2013, huazimisha vifaa kama maktaba inavyoazimisha vitabu, bila malipo, kwa siku 14. Vingi ni vya mitumba vilivyotolewa na wananchi: mguu wa mtoto hukua haraka, na viatu vya kutelezea barafuni vilivyombana huyu humfaa mwingine.