Kupima Usomaji wa Majarida ya Kitaaluma, Kutoka Rafuni hadi Goma

Kupima jinsi watafiti wanavyotumia majarida ni kazi iliyoanza kabla ya intaneti. Mwaka 1927, P. L. K. Gross na E. M. Gross wa chuo cha Pomona, California, walihesabu marejeo 3,633 yaliyotajwa katika jarida moja la kemia la mwaka uliotangulia, ili chuo kidogo kijue kinunue majarida gani. Wakutubi wengine walihesabu nakala zilizoachwa mezani kabla ya kuzirudisha rafuni.

Mashariki ya Kongo, rafu za namna hiyo zilikuwa Lwiro, karibu na Bukavu, kwenye kituo cha utafiti kilichotokana na IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947. Goma ilipata tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani mwaka 1993, ndilo lililokuja kuwa Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM). Mwaka uliofuata kipindupindu kiliua wakimbizi kwa maelfu mjini humo, na makala kuu juu ya maafa hayo ikatoka mwaka 1995 katika The Lancet, London. Huko Kituku, soko na bandari ya maboti ya Goma ambako watu hujaza bidoni kwa maji ya Ziwa Kivu, kipindupindu ni hatari ya kila siku. Hata hivyo, mtafiti wa Goma aliyetaka kusoma yaliyoandikwa kuhusu ugonjwa huo katika mji wake alipaswa kuyatafuta ng'ambo, tena kwa fedha.

Mwaka 2002 mambo yalibadilika. Januari, mwezi ule ule lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopasua mji wa Goma hadi ziwani, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walizindua HINARI, mpango wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida ya afya ya kielektroniki. Kongo imo katika kundi lisilolipa. Mwaka huo huo ulianzishwa mradi wa COUNTER, uliowapa wachapishaji kanuni moja ya kuhesabu matumizi ya majarida yao ya kielektroniki. Kwa kanuni hiyo, anayebofya makala ile ile mara mbili ndani ya sekunde 30 huhesabiwa mara moja. Toleo la tano, lililoanza Januari 2019, linatenganisha jumla ya maombi na idadi ya makala tofauti zilizofunguliwa.

Kanuni ni nzuri, lakini inahesabu mibofyo. Nywila moja ya HINARI ikitumiwa na taasisi nzima, haionyeshi nani amesoma. Makala iliyopakuliwa umeme ulipokuwepo, kisha ikapitishwa kwa flashi au WhatsApp, inaweza kusomwa na watu kumi na kuhesabiwa mara moja. Kinyume chake, mtandao ukikatika na mtu akarudia baada ya dakika mbili, jumla huweza kupanda ilhali msomaji ni yule yule.

Kipimo cha haki kwa Goma kingeunganisha takwimu hizo na marejeo ya tasnifu za chuo, pamoja na kuwauliza waandishi walizipataje makala walizozitaja. Mfadhili aliyeona namba ndogo tu hana msingi wa kuamua kwamba watafiti wa Goma hawasomi.