Uchaguzi Mkuu wa Georgia, 2026

Uchaguzi mkuu wa jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, umepangwa kufanyika Jumanne, tarehe 3 Novemba 2026, siku ambayo wapiga kura wa kaunti zote 159 watamchagua gavana, wakuu wa idara za serikali ya jimbo, seneta mmoja, na wajumbe 14 wa Baraza la Wawakilishi la taifa. Endapo katika kinyang'anyiro chochote kati ya hivyo hakuna atakayepata zaidi ya nusu ya kura, wawili waliotangulia watashindana tena tarehe 1 Desemba.

Nyadhifa za utendaji

Katiba ya jimbo ya 1983 humruhusu gavana kushika mihula miwili mfululizo ya miaka minne minne, na madhali Brian Kemp wa chama cha Republican, aliyechaguliwa 2018 na tena 2022, ameimaliza haki hiyo, kiti chake ki wazi. Naibu gavana huchaguliwa kwa kura yake peke yake, hata ikawezekana wawili hao kutoka vyama vinavyohasimiana, kama alivyotawala Sonny Perdue wa Republican pamoja na Mark Taylor wa Democratic kuanzia 2003 hadi 2007. Huchaguliwa kadhalika Katibu wa Jimbo, ambaye ofisi yake husimamia uchaguzi wenyewe, Mwanasheria Mkuu, na wakuu wa elimu, kilimo, kazi na bima.

Kongresi

Kiti cha Seneti ni cha Jon Ossoff wa Democratic. Katika uchaguzi wa 2024 Republican walipata viti 9 vya Baraza la Wawakilishi, Democratic 5.

Kanuni ya zaidi ya nusu

Hapo zamani washindi wa mchujo wa chama cha Democratic, ambacho ndicho kilichokuwa kikitawala, walipatikana kwa hesabu ya kaunti: kila moja ya kaunti nane zenye watu wengi ilipewa kura sita, thelathini zilizofuatia nne nne, na zilizosalia mbili mbili, hivi kwamba vijiji vichache viliweza kuushinda mji wa Atlanta. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha dhuluma hiyo mwaka 1963, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka sharti la zaidi ya nusu ya kura, sharti ambalo wapinzani wake wamedai tangu hapo kuwa lilikusudiwa kuwazuia wagombea waliotegemea kura za watu weusi.

Kwa ugavana, hata hivyo, katiba ilikuwa bado imeliachia bunge uamuzi pale ambapo hakuna aliyefikia kiwango hicho. Ndipo mwaka 1966 Bo Callaway wa Republican akamtangulia Lester Maddox wa Democratic kwa kura chache, ilhali kura zilizoandikwa kwa mkono kwa ajili ya Ellis Arnall zikamnyima Callaway nusu, na bunge lililojaa Democratic likamteua Maddox, mtetezi mashuhuri wa ubaguzi wa rangi, Januari 1967. Baadaye katiba ilirekebishwa, duru ya pili ikachukua nafasi ya wabunge.

Duru hiyo imewapindua wengi: katika mbio za Seneti, Wyche Fowler aliongoza Novemba 1992 akashindwa na Paul Coverdell, na David Perdue, aliyekuwa na asilimia 49.7 Novemba 2020, alishindwa na Ossoff tarehe 5 Januari 2021, siku ile ile Raphael Warnock alipomwangusha Kelly Loeffler. Sheria ya 2021 ilifupisha muda wa kungojea duru ya pili, uliokuwa majuma tisa kwa viti vya Kongresi, hadi majuma manne.

Wagombea wa ugavana

Kabla ya mchujo wa Mei 2026, waliotangaza nia ni pamoja na Burt Jones, Chris Carr na Brad Raffensperger kwa Republican, na Keisha Lance Bottoms, aliyekuwa meya wa Atlanta, kwa Democratic.

Umuhimu

Ossoff ni seneta pekee wa Democratic anayetetea kiti mwaka 2026 katika jimbo alilolishinda Donald Trump mwaka 2024.