Goti la Guka

Guka alifanya kazi Reli na kuishi Makongeni. Tuko na picha yake moja tu: ameketi kwa stuli, mguu wa kulia wa suruali umekunjwa, umebanwa na pini. Tangu utotoni niliamini ni treni iliyomkata.

Juzi Shosho alinitolea kadi kuukuu ya hospitali, ya 1971. Akanieleza kwamba yalianza kama madoa meusi kwa unyayo, kisha vinundu vikapanda hadi gotini. Majirani wakasema ametupiwa. Akapakwa dawa miaka mitatu. Alipofika hospitali, mguu ukakatwa juu ya goti. Kwenye kadi kuna neno moja la kalamu: Kaposi.

Nilidhani ni jina la daktari wake. Kumbe ni Moritz Kaposi wa Vienna, aliyeueleza uvimbe huu 1872 baada ya kuwaona wagonjwa watano tu. Ulaya ulikuwa ugonjwa nadra. Huku kwetu, hasa Uganda na mashariki mwa Kongo, madaktari waliuona sana hata kabla ya Ukimwi kujulikana. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili huo peke yake. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 70 wagonjwa wa Kaposi walitibiwa huko kwa dawa, vinundu vikanywea bila msumeno.

Hapo ndipo panaponiuma. Treni alizozihudumia Guka zilifika Kampala. Yeye alibaki Makongeni akisugua mguu.

Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachohusika na Kaposi. Si jicho la mtu.

Sasa ndugu yangu mdogo ana uvimbe nyuma ya goti. Anasema ni mpira tu, hauumi. Huenda si kitu. Uvimbe mwingi wa goti si saratani. Lakini kutouma si cheti cha uzima. Uvimbe unaokua, ulio ndani sana, au unaozidi sentimita 5 unataka picha, kisha kipande kidogo kitolewe kikapimwe kabla ya yeyote kuupasua.

Alitaka tungoje ligi ya mtaa iishe. Nikamwonyesha ile picha ya Guka, nikanyamaza. Jumatatu alfajiri tunapanda matatu.